Hata Katika Mchezo, Mtu Mmoja Kura Moja

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba gazeti la Chama halina haja ya kupoteza wino kwa habari za michezo ya televisheni. Wanasema tuandike habari za mpunga, kakao, barabara na shule, na michezo tuwaachie vijana. Sisi hatukubaliani nao. Jambo lolote linalowakusanya watu jioni, likawatoa shilingi mifukoni, na likawafundisha watoto ni nani wa kuheshimiwa na ni nani wa kuchekwa, si mchezo tu. Ni jambo la wananchi, na chama kisichosikiliza mambo ya wananchi hakina haki ya kujiita chama chao.

Leo basi twataka kusema juu ya michezo ile ambayo mtu maarufu husimama mbele, washindani hupambana, na watazamaji walio majumbani huombwa wapige kura kwa simu ili mmoja apewe zawadi kubwa. Kila mara mchezo mpya wa namna hii unapotangazwa, mabishano huanza. Huku kwetu Lyulilo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mabishano hayo twayasikia gulioni siku ya Jumamosi, twayasikia kwa wavuvi wanaoanika usipa, na twayasikia katika vibanda ambako watu hulipa kiingilio kidogo ili watazame pamoja. Mengi ya maneno hayo hayafiki Dar es Salaam. Ndiyo sababu twayaandika.

Tuanze na mfano ulio wetu wenyewe. Mwaka 2009 ulianza kuonyeshwa mchezo uitwao Maisha Plus. Aliyeuongoza ni Ndugu Masoud Kipanya, ambaye wananchi walikwisha kumjua zamani kwa katuni zake za magazetini na kwa sauti yake ya redioni. Vijana kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikusanywa, wakawekwa katika kijiji kilichotengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Humo walitakiwa waishi maisha ya kijijini, wafanye kazi za kijijini, na wakae pamoja bila kujuana. Kamera ziliwafuata. Watazamaji walipiga kura, vijana wakatoka mmoja baada ya mwingine, hata akabaki mshindi. Mchezo huo ulirudi kwa misimu kadhaa, na hata leo watu huutolea mfano kila unapokuja mwingine.

Sharti tuseme kweli: tulipouona tulifurahi. Kabla yake tulikuwa tumezoea kutazama Big Brother, mchezo ulioanzia Uholanzi mwaka 1999, kisha ukaletwa Afrika Kusini, na vijana wa nchi nyingi za Afrika wakafungiwa katika nyumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea. Mwaka 2007 Mtanzania mwenzetu, Richard Bezuidenhout, aliushinda na kupata dola 100,000 za Marekani. Wengine walishangilia, wengine walisikitika kwa mambo waliyoyaona mle ndani. Lakini mchezo wenyewe haukuwa wetu, lugha haikuwa yetu, na nyumba ile haikufanana na nyumba ya mtu yeyote tunayemjua. Maisha Plus uliigeuza fikra ile. Badala ya jumba, kijiji. Badala ya Kiingereza, Kiswahili. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sisi twasema Ndugu Kipanya na wenzake walistahili kutunzwa.

Hata hivyo, sifa isitufanye tusikilize upande mmoja tu. Watazamaji wa ufukweni kwetu wana maoni yao, na maoni hayo ni ya namna nne.

Wa kwanza ni wazee. Hawa husema michezo hii huwafundisha vijana kupenda fedha isiyotoka jasho. Mzee mmoja aliyevua samaki maisha yake yote hutuuliza: kijana akiona mwenziwe anapewa mamilioni kwa kukaa na kuzungumza, atarudije mtumbwini usiku kuvua? Swali hilo si dogo, wala haifai kulijibu kwa kicheko.

Wa pili ni vijana wenyewe. Hawa husema nchi yetu haina milango mingi kwa mtoto wa mkulima. Mtoto wa mjini anajuana na watu; wa kijijini hajuani na mtu. Mchezo wa televisheni, wasema vijana, ni mlango ambao angalau umeandikwa juu yake kwamba kila mtu anaweza kuingia. Mathalani Bongo Star Search ya Ndugu Ritha Paulsen, ilipokuwa ikienda mikoani kutafuta waimbaji, vijana wasiojulikana na mtu walipata kusimama mbele ya nchi nzima wakaimba. Wapo waliochekwa, na hatukupenda mtoto wa watu achekwe hadharani kwa sababu sauti yake haikupanda. Lakini wapo waliopata kazi yao ya maisha hapo.

Wa tatu ni akina mama wa vyungu. Msomaji asiyefika huku lazima aelezwe. Kusini-mashariki yetu, chini ya Milima ya Livingstone, kuna kijiji cha Ikombe, nyumbani kwa Wakisi. Akina mama wa Kikisi ni wafinyanzi hodari kabisa. Huchimba udongo, huuponda, huufinyanga kwa mikono bila mashine, hukausha na kuchoma vyungu vyao. Kisha hupakia mitumbwini na kuvileta Lyulilo, ambako kila Jumamosi wachuuzi huja kununua na kuvipeleka Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Chungu hicho hupita mikono mingi, na kila mkono huongeza bei, lakini aliyekifinyanga hupata ile bei ya kwanza tu.

Akina mama hawa waliposikia kwamba kuna mchezo ambao vijana wa mjini hupewa zawadi kwa kuweza kuishi kijijini, walicheka sana. Kisha wakauliza. Kama kuishi kijijini kwa wiki chache ni ushujaa wa kulipwa mamilioni, kuishi kijijini miaka sitini ni nini? Kijana akishindwa kuwasha moto wa kuni, nchi nzima yatazama. Mama aliyewasha moto huo kila siku tangu utoto wake, nani amemtazama?

Wa nne ni wale wanaosema jambo moja tu: kura zetu haziendi popote. Wanasema mtandao hukatika meseji ikiwa njiani. Wanasema salio hukatwa na jibu halirudi. Wanasema mshindi hutangazwa lakini hesabu haitangazwi. Hatusemi kwamba kila lalamiko lao ni la haki, maana anayeshindwa hulaumu hata jua. Lakini twasema kwamba hawajapewa jibu, na mtu asiyejibiwa hujijibu mwenyewe.

Sasa twatoa maoni yetu sisi.

Swali la akina mama wa vyungu lilipata jibu, japo nusu. Mwaka 2011 shirika la Oxfam lilianzisha shindano la Mama Shujaa wa Chakula, la kuwatambua wanawake wakulima wanaolisha nchi. Kuanzia mwaka 2012 wanawake hao waliingia katika kijiji cha Maisha Plus. Basi watazamaji wakaona kitu kipya: si mtu wa mjini anayejifunza kushika jembe, bali mkulima mwenyewe, mwanamke mtu mzima, akieleza habari za ardhi, mbegu, mvua na soko, na nchi ikimsikiliza kama anavyosikilizwa bwana mkubwa. Jambo hilo lilikuwa zuri. Lilionyesha kwamba mchezo waweza kumpa heshima mtu anayestahili, na watazamaji hawakukimbia. Wale wanaosema wananchi wanapenda upuuzi tu hawana budi kulifikiri jambo hilo.

Kwa hiyo sisi hatumo katika wale wanaotaka michezo hii ipigwe marufuku. Ugomvi wetu uko kwingine. Uko kwenye neno “kura”.

Mingi ya michezo hii humruhusu mtu mmoja atume meseji nyingi kadiri ya salio lake. Kila meseji hutozwa fedha, na kila meseji huhesabiwa kuwa kura. Mwenye vocha kumi ana kura nyingi kuliko mwenye vocha moja. Mwenye duka mjini akitaka mpwa wake ashinde, aweza kukaa kitini na kutuma meseji mia. Mama wa Ikombe anayempenda mshindani mwingine atatuma moja, labda mbili, kisha afikirie chumvi na sabuni. Usiku wa mwisho mtangazaji husimama, muziki ukapigwa, akasema: “Wananchi wameamua!” Sisi twauliza: wananchi gani?

Wanachama wenye umri mkubwa watakumbuka, na vijana wamesoma, jinsi uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulivyofanywa mwaka 1958 na 1959. Serikali ya kikoloni haikumpa kura kila mtu. Ilitaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 12, au awe na cheo kilichotajwa. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ili walio wachache wasizidiwe na walio wengi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana sana, ikaamua kuingia katika uchaguzi huo mbaya ili iuvunje kutoka ndani, na ikashinda. Lakini haikuacha kusema kwamba fedha si kipimo cha utu. Mfinyanzi asiyeweza kupata pauni 150 kwa mwaka alikuwa na akili ya kuchagua sawa na karani aliyezipata. Neno lililobebwa vijijini lilikuwa fupi: mtu mmoja, kura moja.

Sasa tutazame. Neno hilo lililowagharimu wazee wetu miguu, sauti, na wengine kifungo, linachezewa kila jioni mbele ya watoto wetu. Mtoto anayekua akiona kwamba mwenye salio kubwa ana kura nyingi, na watu wazima wanapiga makofi, atajifunza nini? Siku atakapofikia umri wa kupiga kura ya kweli, na mtu akaja na noti kununua kura hiyo, atashangaa? Ataona ni jambo la kawaida. Ameliona tangu utotoni, tena likiendeshwa na mtu maarufu anayependwa.

Watengenezaji wa michezo hutujibu kwamba huu ni mchezo, si Bunge. Twakubali. Lakini basi wasiseme kura, waseme mauzo. Wasiseme wananchi wameamua, waseme meseji za huyu zimeuzwa zaidi. Hutujibu pia kwamba fedha za meseji ndizo zinazolipa kamera, mafundi na zawadi, na bila fedha hizo mchezo hautakuwapo. Hili nalo twalielewa, maana hakuna kitu cha bure. Lakini mtu aweza kuchangia mara kumi na bado akahesabiwa kura moja. Fedha ziingie kadiri watu wanavyopenda kutoa. Ila kura ihesabiwe moja kwa laini moja. Kazi hiyo si ngumu. Tangu ukamilike mwaka 2020 usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kila laini ina mwenyewe. Kampuni ya simu inayoweza kukata shilingi moja katika salio la mtu aliye Ikombe haiwezi kutuambia kwamba haijui ametuma mara ngapi.

Wako watakaosema twatafuta makosa pasipo na makosa. Hao twawaomba watazame yaliyozipata nchi kubwa.

Marekani, katika miaka ya 1950, michezo ya maswali ilikuwa ikipendwa kuliko vipindi vingine vyote. Katika mchezo mmoja ulioitwa Twenty-One, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia aitwaye Charles Van Doren alijibu maswali magumu wiki baada ya wiki, akapata zaidi ya dola 100,000 na kuwa mtu maarufu nchini mwake. Novemba 1959 alisimama mbele ya kamati ya Bunge lao akakiri kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu kabla ya mchezo. Mamilioni ya watu walikuwa wametazama, wameshangilia, wamewaambia watoto wao wasome ili wawe kama yeye, kumbe yote yalikuwa yamepangwa. Mwaka 1960 Bunge hilo likatunga sheria ya kukataza udanganyifu wa namna hiyo.

Uingereza, ambayo ilikuja hapa kutufundisha haki, nayo haikupona. Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba vituo vya televisheni vilikuwa vikipokea fedha za watu waliopiga simu kushiriki mashindano ambayo hawakuwa na nafasi ya kushinda. Mei 2008 mamlaka yao ya utangazaji, Ofcom, ilikitoza kituo cha ITV faini ya pauni 5,675,000. Katika kipindi kimojawapo kilichoongozwa na watangazaji wawili wapendwao sana, Ant na Dec, watu wa kuingia fainali hawakuchaguliwa kwa bahati kama walivyoahidiwa. Waliteuliwa kwa kutazama wanakaa wapi na kama wangependeza mbele ya kamera. Faini ilitozwa kampuni, si watangazaji hao. Lakini tujiulize: ni nani aliyewafanya watu waamini na kupiga simu? Ni nyuso zile zilizopendwa.

Msomaji wa Lyulilo alisome tena jambo hilo la Uingereza. Watu waliachwa kwa sababu ya mahali wanapokaa, na fedha zao zikachukuliwa. Ikiwa jambo hilo lilifanyika katika nchi yenye barabara, reli, na mamlaka yenye nguvu ya kutoza mamilioni, sisi tunaokaa mwisho wa barabara chini ya Milima ya Livingstone tuna haki ya kuuliza maswali mapema. Kuuliza si kutukana. Mwenye duka mwaminifu hakasiriki anapoombwa risiti.

Sasa neno kwa hawa watu maarufu wanaokubali kuongoza michezo. Twawapenda. Tumewajua kwa nyimbo, filamu, mpira na ucheshi wao. Lakini wafahamu kwamba wanapokubali kazi hiyo wanaweka rehani imani ya watu. Mwananchi hamjui mdhamini wala mwenye kampuni, anakujua wewe. Anakutumia shilingi yake kwa sababu ni wewe uliyeomba. Basi kabla ya kuweka sahihi, uliza: kura zitahesabiwaje? Nani atazikagua? Fedha zitakwenda wapi? Mtu mwenye jina kubwa ana nguvu ya kuuliza maswali hayo, maana bila yeye mchezo hauuziki. Asiyeuliza, kisha likatokea la kutokea, asije akasema hakujua.

Tena waige mfano mwema hata kama ni wa mbali. Mwaka 2000 India iliuchukua mchezo wa Waingereza wa kumtafuta milionea, ikauita Kaun Banega Crorepati, ikampa Amitabh Bachchan auongoze. Yeye ni mcheza filamu ambaye hata wazee wa miji yetu walimtazama katika majumba ya sinema. Maswali yaliulizwa kwa Kihindi. Mtu wa kawaida alikaa mbele ya mtu maarufu kuliko wote nchini mwake, akasemezwa kwa adabu kama mgeni wa heshima, kwa lugha anayoota nayo. Nasi tuna lugha moja inayofahamika kutoka Lyulilo hadi Lindi, hadi Kigoma, hadi Pemba. Mtangazaji anayeichanganya na Kiingereza kila neno la pili ili aonekane msomi, anamfukuza mama wa vyungu katika mchezo ambao ameombwa auchangie.

Pengine itasemwa kwamba kuwasikiliza watazamaji kwa wingi ni jambo lisilowezekana. Nchi hii imekwisha kulifanya, tena bila televisheni. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na televisheni ya taifa ilianza mwaka 2000; Zanzibar ilitutangulia mapema katika miaka ya 1970. Bara ilikuwa na redio tu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani na kusafisha visima. Msikilizaji wa siku zile hakuwa sikio tu, wala hakuwa mfuko wa fedha. Alikuwa na mdomo na mikono, na redio ilijua hivyo. Ikiwa redio za mkulima ziliweza kuwakusanya watu milioni 2 wakatoa maoni na kutenda, ni nini kinachoishinda televisheni ya leo, yenye simu katika kila kitongoji?

Kwa hiyo twatoa madai yetu, nayo ni machache.

Kwanza, laini moja ihesabiwe kura moja kwa kila awamu. Anayetaka kuchangia zaidi achangie, lakini mchango usiitwe kura.

Pili, kila kura inapofungwa, hesabu itangazwe yote: kila mshindani amepata ngapi, na ngapi zimetoka kila mkoa. Hata Big Brother Africa ya miaka ile ilihesabu kura kwa nchi, kila nchi ikawa na sauti moja, ndogo kwa kubwa, na watu wakajua nchi ipi imemchagua nani. Kama waliweza kuhesabu nchi kwa nchi, hawa wetu waweza kuhesabu mkoa kwa mkoa.

Tatu, fedha zilizokusanywa kwa meseji zitajwe, na itajwe zimegawanywaje baina ya kampuni ya simu, mtengenezaji na zawadi. Tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003, na tunayo Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa mwaka huohuo. Vyombo hivyo ni vya wananchi. Twaviomba visingoje kashfa kama waliyoingoja Waingereza.

Nne, maoni ya watazamaji yapokelewe bila malipo na yasomwe hewani, yanayosifu na yanayolaumu. Kura humwambia mtengenezaji nani anapendwa tu. Haimwambii kwamba wazee wanaogopea vijana, wala kwamba akina mama wameudhika. Maneno hayo yahitaji mahali pake.

Tano, michezo ikitaka kuonyesha maisha ya kijijini, watu wa kijijini wasiwe mapambo ya nyuma. Kama vijana watafinyanga chungu mbele ya kamera, mfinyanzi wa Ikombe aitwe awe mwalimu na mwamuzi wao, atajwe kwa jina lake, na alipwe kama anavyolipwa mwamuzi wa uimbaji. Ufundi wake ameurithi kwa mama na bibi zake, na hakuna chuo mjini kinachoweza kumpa mtengenezaji mwalimu bora kuliko huyo.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu, tusilaumu wengine tu. Twajua kwamba wako wanaopiga kura kwa kuuliza mshindani ametoka wapi, si amefanya nini. Mnyakyusa kwa Mnyakyusa, Mkinga kwa Mkinga, Mchaga kwa Mchaga. Hili ni aibu. Tukidai kura ya haki, sharti tuipige kwa haki. Mshindani wa Mtwara akishinda kwa uhodari, mtu wa Kyela apige makofi. Na wazazi watazame vijana wao wasije wakamaliza fedha ya daftari kwa meseji usiku mmoja, wala wasichukue simu ya bibi bila kumwambia.

Wazee wa ufukweni wanaoogopa fedha isiyotoka jasho tuwaambie hivi: hofu yao ni ya kweli, lakini dawa yake si kuzima televisheni. Dawa ni kuhakikisha kwamba anayetunzwa ametenda jambo, ameonekana akilitenda, na amechaguliwa kwa hesabu ambayo kila mtu aweza kuikagua. Kijana akiona hivyo hatapotea. Atajifunza kwamba haki yaweza kuwapo hata katika jambo dogo, naye ataidai katika jambo kubwa.

Twaomba kila tawi la Chama katika Kyela na kandokando ya ziwa lichukue jioni moja, likusanye maoni ya watu juu ya michezo wanayoitazama, liyaandike kwa Kiswahili cha wazi, na liyapeleke kwa vituo vya televisheni na kwa Mamlaka ya Mawasiliano, nakala iletwe kwetu. Tutayachapa. Wakubwa wa televisheni wasipojibu, tutachapa pia kwamba hawakujibu.